Viti vya Msana: Sofa Seti, Viti vya Enzi, au Viti Alivyoacha Bibi?

Swali la msomaji wa Mkomani, Lamu: "Tumehamia nyumba ya mawe aliyotuachia bibi yangu, mimi, mume wangu, watoto wetu watatu na mama mkwe. Tunakaa orofani, ngazi ina upana wa sentimita 72 na inapinda mara moja. Msana wetu, yaani ukumbi wa kukaa, una urefu wa mita 6.8 na upana wa mita 2.6, na njia ya kutoka kiwandani, yaani ua wa ndani ya nyumba, kwenda ndani inaukata katikati. Nimeona sofa seti ya watu saba huko Malindi ikanipendeza sana. Mume wangu anataka tununue viti vya enzi viwili, vile vya heshima vya mpingo. Mama mkwe, ambaye magoti yanamsumbua na siku hizi anaswali kwa kukaa, anasema apewe kiti cha kawaida tu. Bibi naye aliacha viti viwili vya mvule vyenye mikono, kamba zimekatika. Tununue nini?"

Dada yangu, assalaam alaikum. Umenirahisishia kazi kwa kunipa vipimo, maana wengi huniandikia rangi ya mapazia na jina la duka, wakasahau kutaja chumba kina ukubwa gani. Jibu langu kwa ufupi ni hili: sofa seti iache, viti viwili vya bibi viwambwe upya, mama mkwe atengenezewe kiti kwa kipimo cha mwili wake, ongeza kiti kirefu kimoja, chembamba, cha kukaa watu watatu, na ncha moja ya msana ibaki na mikeka. Kuhusu viti vya enzi nina maoni ambayo huenda mume wako asiyapende mwanzoni, nami nitayafikia. Sababu zake ni ndefu kuliko jibu lenyewe, lakini ni vema uzijue, kwa kuwa fundi utakayemwendea atakuuliza maswali mengi, na asipopata majibu kwako atajijibu mwenyewe kwa vipimo alivyozoea.

Msana wa nyumba ya mawe ya Lamu una umbo lake, na umbo hilo lilitokana na mti. Dari za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuhimili uzito wa mawe na chokaa ikiwa imeachwa wazi kwa urefu unaopita sana mita mbili na nusu. Kwa hiyo vyumba vilijengwa virefu na vyembamba, iwe ni nyumba ya tajiri au ya mtu wa kadiri. Upana wako wa mita 2.6 ndio upana wa mji huu. Sofa seti, kwa upande wake, hubuniwa kwa ajili ya sebule inayokaribia mraba, ya mita 4 kwa 4 au zaidi, kama zile za nyumba za matofali zinazojengwa siku hizi Malindi na Mombasa, ambamo watu hukaa wakiizunguka meza na njia ya kupita iko pembeni. Kwako njia iko katikati. Wala hilo si kosa la mjenzi, kwa kuwa msana ni mahali pa kukaa na ni mapito kwa wakati mmoja, na zamani vitanda viliwekwa kwenye ncha zake mbili, vikasitiriwa kwa mapazia, katikati pakabaki wazi. Nakushauri uufuate mpango huo huo: kaeni kwenye ncha, katikati muipishe nyumba.

Tupige hesabu basi. Ukiacha mita 1 kwa ajili ya njia, unabaki na mita 5.8, yaani ncha mbili za mita 2.9 kila moja, kwa upana wa mita 2.6. Kila ncha ni kama chumba kidogo ndani ya chumba. Sofa ya kawaida ina kina cha sentimita 90 hadi 95 tangu mgongoni hadi ukingo wa mbele. Ukiziweka mbili zikabiliane, zinakula sentimita 190 kati ya 260, na zinabaki 70. Mtu aliyeketi kwa starehe hutanguliza miguu kiasi cha sentimita 35 mbele ya kiti chake. Wawili wakikabiliana, zile 70 zimekwisha, vidole vyao vinagusana, na bado hujaweka hata stuli ya kahawa. Sasa chukua viti vyenye kina cha sentimita 65. Viwili vinachukua 130, miguu inachukua 70, na zinabaki 60, ambazo zinatosha kwa mtu aliyebeba sinia kupita bila kuomba radhi. Sentimita 30 kwa kila kiti zinaonekana kidogo dukani, ambako dari ni ndefu na sakafu ni pana. Katika msana wa Lamu ndizo zinazoamua kama mgeni atakaa kwa raha au atakaa amejikunyata.

Kisha kuna ngazi. Sofa ya watu watatu ina urefu wa sentimita 210 hivi, kina cha 95 na kimo cha 85. Ipindue utakavyo, haina hata upande mmoja unaoingia katika 72. Kanuni ninayoifuata ni kwamba kipimo kidogo kuliko vyote cha kiti kiwe chini ya upana wa ngazi kwa angalau sentimita 8, ili mikono ya wabebaji isisagwe ukutani, na ngazi ikiwa na kona basi urefu wa kiti nao upunguzwe au kiti kiwe cha kufunguliwa. Kanuni hii niliipata kwa hasara. Katika miaka yangu ya mwanzo nilitengeneza kiti kirefu kwa familia moja ya Langoni. Chumba nilikipima kwa uangalifu, ngazi sikuipima. Siku ya kukipeleka tulikwama kwenye kona, tukakirudisha chini, tukaamua kukivuta kwa kamba kupitia kiwandani, na kilipokuwa kinapanda kikaparuza ukuta na kuangusha kipande cha chokaa ya nakshi kilichokuwa kikubwa kama kiganja. Nililipa gharama, na pale mahali pakazibwa, lakini fundi aliyeziba hakuweza kuirudisha nakshi ile, na kila nilipoingia nyumba hiyo macho yangu yalikwenda pale pale. Kumbuka pia kwamba sofa yako ingetoka Malindi kwa lori hadi Mokowe, gati ya bara, ikapakiwa katika mashua, ikashushwa gatini, kisha ikabebwa kwa mkokoteni au mabegani kupitia vichochoro ambavyo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa shida. Kiti cha Lamu sharti kiwe kiti kinachobebeka.

Kabla hujatoa hata shilingi moja, fanya jaribio lisilo na gharama. Chukua leso zako na utepe wa kupimia. Leso moja ina takriban sentimita 150 kwa 110, kwa hiyo inatosha kukunjwa ikawa na ukubwa wa kiti chochote cha mtu mmoja, na kwa kiti kirefu utaunganisha mbili. Ikunje hadi ifikie vipimo vya kiti, ilaze sakafuni mahali unapotaka kiti kikae, uizuie kwa vijiwe, ufanye hivyo kwa kila kiti, kisha uziache siku mbili. Usimwambie mtu azikwepe. Tazama watoto wanapita wapi wanaporudi chuoni kusoma Kurani, mama mkwe anashika ukuta upi anapokwenda msalani usiku, na wewe mwenyewe unapita wapi ukiwa na chungu cha moto mikononi. Leso itakayokutwa imekanyagwa au imesogezwa imekuonyesha mahali pasipofaa kiti, na imekuonyesha mapema, kabla fundi hajaukata ubao.

Nije kwa mama mkwe, ambaye kwa maoni yangu ndiye wa kufikiriwa kwanza katika msana huu. Amesema apewe kiti cha kawaida tu, nami nimewasikia wazee wengi wakisema hivyo kwa stahi, ilhali kiti cha kawaida ndicho kinachowaumiza. Mtu mwenye magoti mabovu hateseki sana akiwa amekaa, anateseka anapoinuka. Kadiri kikalio kilivyo chini, ndivyo goti linavyokunjika zaidi na ndivyo nguvu inayohitajika kuunyanyua mwili inavyozidi. Sofa nyingi zina kimo cha sentimita 40 au 42 dukani, lakini sponji hubonyea, na mtu akishaketi anajikuta yuko chini ya hapo kwa sentimita kadhaa, magoti yakiwa juu kuliko nyonga. Mzee akizama humo hainuki bila kuvutwa mkono, na mzee anayevutwa mkono kila mara huishia kubaki chumbani mwake. Hilo usilikubali litokee nyumbani kwako.

Mpime hivi. Mkalishe kwenye kiti kigumu au kwenye ukingo wa kitanda kilicho imara, akiwa amevaa ndara anazovaa ndani, nyayo zikiwa zimekanyaga sakafu sawasawa. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti, pale mguu unapokunjika. Kwa wanawake wengi kipimo hiki huwa kati ya sentimita 38 na 43, lakini pima, usikisie. Ongeza sentimita 4 au 5. Hicho ndicho kimo cha kikalio chake, na kipimwe juu ya mto akiwa ameukalia, kwa sababu mto usiobanwa hudanganya. Usiongeze zaidi ya hapo, maana nyayo zikining'inia ukingo wa kiti utambana nyuma ya mapaja na miguu itakufa ganzi. Kina cha kikalio pima kutoka nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, kisha upunguze upana wa vidole vitatu. Ukingo wa mbele uviringwe kwa randa na msasa, usiachwe na pembe kali.

Mikono ya kiti ndiyo nguzo yake. Iwe juu ya kikalio kwa sentimita 20 hadi 23, na ifike mbele kabisa, usawa wa ukingo wa kikalio au kuupita kidogo, ili anapoinuka asukume chini kwa viganja. Mafundi wengi hupenda kuikata mikono iishie katikati, kwa kuwa inaonekana nyepesi machoni. Mwambie wako asifanye hivyo. Jambo la pili ambalo husahauliwa ni nafasi chini ya kiti. Jaribu kuinuka wewe mwenyewe bila kurudisha nyayo nyuma, na utaona haiwezekani kwa urahisi: mwili hutaka nyayo ziwe chini ya magoti au nyuma yake kidogo. Kwa hiyo upau unaoiunganisha miguu ya mbele uondolewe, uwekwe pembeni na nyuma tu, na pasiwe na droo wala ubao wa kuziba upande wa mbele.

Kwa kuwa anaswali kwa kukaa, muulize kama angependa kutumia kiti hicho hicho. Akipenda, basi kisiwe kizito kupita kiasi, kwa sababu itabidi kigeuzwe kuelekea kibla, ambacho kwetu Lamu kiko kaskazini. Kikalio kisilale kuelekea nyuma, ili aweze kuinama kwa rukuu na sijida bila kuhisi anavutwa. Na miguu ya kiti ivalishwe mpira chini ili kisiteleze juu ya sakafu au mswala. Ikiwa mikono ya kiti inamzuia anapoinama, mtengenezee kigoda cha kuswalia kisicho na mikono, cha kimo hicho hicho, kikae chumbani kwake.

Sasa viti vya bibi. Umeviandika mwishoni mwa barua kana kwamba ni jambo dogo, nami ningeanza navyo. Mvule wa zamani, uliokatwa kwenye kiini cha mti ukakauka kwa miaka, ni mbao ambayo leo huipati kwa urahisi, na ukiipata bei yake itakushtua. Vipindue kimoja kimoja juu ya shuka jeupe na uvigonge taratibu kwa kiganja. Vumbi jepesi kama unga likianguka, bungua wangali ndani; vitundu vikiwa vikavu, vyeusi na visivyotoa unga, walikwisha ondoka zamani. Bungua hawapendi kiini cha mvule, lakini sehemu nyeupe ya nje ya mti huila, na mafundi wa zamani mara nyingine waliiacha sehemu hiyo upande usioonekana. Dawa ya bungua itiwe kwa sindano, tundu baada ya tundu, kisha kiti kifungwe ndani ya nailoni siku kadhaa mahali ambapo watoto hawafiki. Mafuta ya taa ambayo watu huyapaka hayapenyi vya kutosha.

Baada ya hapo, shika mkono mmoja wa kiti na mguu wa upande wa pili, uvitikise kama unayekamua nguo. Kiti kikicheza, maungio yamelegea. Viti vya wakati ule viliungwa kwa ulimi unaoingia katika tundu, na ungio la namna hiyo hufunguliwa, husafishwa gundi iliyokufa na kuungwa tena likawa kama jipya. Nakusihi usimruhusu mtu yeyote apigilie msumari pale. Msumari hulipasua tundu, hushika kutu kwa hewa yetu ya chumvi, kutu huvimba na kuupasua ubao zaidi, na kiti ambacho kingekarabatiwa kwa nusu siku kinakuwa kuni.

Kuwamba kwenyewe ni kazi ambayo Lamu bado ina watu wanaoijua, hao hao wanaowamba vitanda. Utaulizwa uchague kamba ya pamba, ya nailoni au ya nazi. Kamba ya nazi iache kwa vitanda, maana inachoma ngozi na kukwaruza nguo. Nailoni haiozi, lakini huteleza, na mtu mwenye baibui hujikuta anashuka mbele kidogo kidogo. Mimi napendelea pamba iliyosokotwa vizuri, japokuwa itadumu miaka michache tu kabla haijahitaji kukazwa, kwa sababu inapitisha hewa, haiumizi, na rangi yake ya maziwa hukaa vizuri na mvule. Mwambie aiwambe kwa kuvuta sana, hadi ukiipiga kwa kidole itoe sauti, kwa kuwa kamba ya pamba itajilegeza yenyewe katika wiki za mwanzo. Mbao zioshwe kwa kitambaa chenye maji kidogo, zikaushwe, zipakwe mafuta ya kitani mara mbili. Vanishi inayong'aa usiikubali. Na hapa nakupa tahadhari ambayo wengi hawaijui: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani vikirundikwa pamoja hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka moto bila kiberiti. Vitandazwe nje, kimoja kimoja, hadi vikauke kabisa.

Kiti kirefu cha watu watatu kikae ukutani, kwenye ncha ya msana, kikitazama katikati. Urefu wa sentimita 180 unatosha, yaani sentimita 60 kwa kila mtu, na ukutani kwako zitabaki 40 kila upande za kuweka taa au chano. Kina kisizidi 60. Mwambie fundi atengeneze miguu na mgongo wa kufunguliwa kwa boliti, ili ubao mrefu upande ngazi peke yake. Kikalio kiwe cha kuwambwa au cha mbao nyembamba zilizoachana, na mto uwe wa sufi au wa sponji ngumu isiyozidi sentimita 6. Sponji nene yenye kitambaa kizito hushika joto la mwili, na wakati kaskazi kimelegea mwezi wa tatu, upepo haupo na mvua bado, mtu akikaa juu yake kwa dakika 10 mgongo umelowa. Ngozi ya plastiki ni mbaya zaidi, inanata. Foronya ziwe za pamba na za kuvuliwa kwa zipu, kwani utazifua kila mwezi. Kiti chochote kinachokaa ukutani kisiuguse ukuta: acha vidole vitatu nyuma yake, maana chokaa hutoa unga mweupe juu ya kitambaa na ukuta wa mawe hupumua unyevu, hasa masika.

Kuhusu kimo cha viti hivi vyote, usiache vikatofautiana kwa zaidi ya sentimita 5 au 6. Watu wanaozungumza hupenda macho yao yawe usawa mmoja, na mgeni aliyekaa chini sana mbele ya mwenyeji aliyekaa juu huhisi kitu asichoweza kukisema. Kiti cha mama mkwe kitakuwa juu kidogo kuliko vingine. Hilo ni sawa, na ni haki yake.

Sasa viti vya enzi. Namwelewa mume wako. Ni kiti kizuri kuliko vyote vilivyotengenezwa katika visiwa hivi. Siyu na Pate walikijua, na ukienda Makumbusho ya Lamu utakiona na mpingo wake, mgongo wake ulionyooka kama alifu, paneli zake za uzi uliowambwa, nakshi za mfupa na pembe, na kibao chake cha kuwekea miguu. Kitazame vizuri kibao hicho, kwa sababu kinaeleza kila kitu. Kiti kimeinuliwa na kupanuliwa ili aliyekikalia aonekane, na miguu yake ikapewa mahali pa kutua juu ya sakafu. Ni kiti cha heshima, cha mgeni mkubwa na cha siku yake. Hakikutengenezwa kwa mtu anayetaka kuegemea saa mbili akisubiri isha. Mpingo ni mzito hata unazama majini, kwa hiyo watoto hawatakisogeza bila kukiangusha, na kile kibao cha miguu ni kikwazo kwa mzee anayeinuka gizani. Viwili vikiwekwa kwenye ncha yako ya mita 2.9 vitaimeza yote.

Nashauri kwamba, ikiwa mna uwezo na moyo wake unakitaka, mchukue kimoja tu, tena baada ya hivyo vingine kukamilika, na mkiweke peke yake kwenye ukuta mrefu ambako mtu anayeingia kutoka kiwandani atakiona. Kiwe kipya, cha fundi wa hapa, chenye nakshi za mfupa wa ng'ombe au ngamia. Mkiletewa cha zamani chenye pembe za ndovu, msikinunue kwa bei yoyote: biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku mwaka 1989, na sheria za Kenya kuhusu pembe za ndovu ni kali. Zaidi ya hilo, viti vingi vya zamani vimekwisha kutoka katika nyumba zetu na kwenda ng'ambo, na kila anayenunua bila kuuliza kilikotoka anaichochea njia hiyo hiyo.

Ncha ya pili ya msana iachie mikeka. Tandika jamvi la miyaa chini, juu yake mkeka wa ukindu, na mito mitatu au minne ya sufi ya kuegemea. Watoto wako watatu watadurusu hapo, watalala hapo mchana wa Ijumaa, na mtalia chakula hapo mkiizunguka sinia, jambo ambalo meza ya watu sita na viti vyake ingekunyima kabisa, kwa kuwa meza ya kulia inataka sentimita 75 nyuma ya kila kiti ili mtu aweze kukivuta na kuinuka. Hujaniuliza kuhusu meza, lakini muuzaji wa sofa atakuuliza. Vigoda viwili vya miguu mitatu vitakusaidia kuliko unavyodhani: sakafu za nyumba hizi hazikunyooka, na kiti cha miguu mitatu hakiyumbi popote kinapowekwa.

Wageni wa Maulidi na wa harusi usiwanunulie viti. Wanaume wengi hawatapita daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ambalo baraza zake za mawe ni viti vilivyokwisha lipiwa na waliokutangulia, na wanawake watajaa kwenye mikeka. Wakizidi, viti vya plastiki vinakodishwa. Ukivinunua, visiachwe juani uani, kwa sababu jua hukausha plastiki hadi ikawa kama ganda la yai, na huvunjika ghafla, mara nyingi mguu wa nyuma, chini ya mtu mzito.

Kwa vile viwili vipya, cha mama mkwe na kile kirefu, omba mbambakofi au mkangazi ikiwa mfuko unaruhusu. Mwembe ni wa bei nafuu na mistari yake ni mizuri, nami siudharau, ila bungua wanaupenda mno, kwa hiyo usiukubali bila kuuona umekaushwa na kutiwa dawa kabla ya kukatwa. Ubao mbichi utautambua kwa uzito na kwa ubaridi wake ukiugusisha shavuni. Boliti na skrubu ziwe za shaba au za chuma kisichoshika kutu. Ni ghali kidogo, lakini skrubu za kawaida hazimalizi masika mawili hapa bila kuacha doa jeusi kwenye mbao.

Kazi ya mwisho ifanyike nyumbani kwako, si karakana. Mwambie fundi alete viti vikiwa na miguu mirefu kidogo kuliko kipimo, kwa sentimita 2 hivi, aviweke pale hasa zilipokuwa leso, kisha avisawazishe kwa vibanzi vya mbao chini ya miguu hadi kikalio kilale sawa na maji ya pima. Hapo achukue kibao kidogo chenye unene sawa na kimo kilichozidi, akiweke sakafuni kando ya kila mguu, na apige mstari wa penseli kuuzunguka, miguu yote minne. Akikata kwenye mistari hiyo, kiti kitakaa juu ya sakafu yako ya mabonde bila kuyumba, kwa sharti kwamba kibaki mahali pake. Kwa hiyo mwambie aandike chini ya kikalio, kwa penseli, ni kiti cha upande gani. Cha mama mkwe, ambacho kitageuzwa mara tano kwa siku, kisawazishwe kikiwa kimeelekea kibla.